Ugali Sikuuacha

Kiu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimepika asubuhi nzima kwenye kibanda changu pale Kariobangi, Nairobi, mabati tu yaliyoegemea ukuta wa karakana ya kulehemu, nikajikuta nimemaliza jagi zima la maji ya wateja. Nikalijaza, nikalimaliza tena. Kimani, fundi wa magari aliyekuwa akila kwangu kila mchana, akaangua kicheko.

"Mathee, leo umekuwa kama redieta iliyotoboka!"

Nami nikacheka. Mathee ndivyo vijana wa Eastlands wanavyomwita mama, na mimi nilikuwa mama wa karakana nzima. Jina langu ni Nekesa, nyumbani naitwa Mama Nafula, lakini mafundi walikuwa hawana haja na hayo yote. Walisema tu, "Twende kwa ugali." Nilisonga ugali unaosimama, ukiukata unabaki na kona. Mtu alikula akarudi kupiga nyundo mpaka jioni.

Baada ya kiu ukaja mkojo. Ploti yetu ilikuwa na choo kimoja kwa familia zote, na majirani walianza kuguna kila waliponiona na kopo la maji. Kisha sisimizi wakaanza kupanga foleni mlangoni mwa choo, wakienda palepale nilipotoka. Niliwaona, nikawafagia, nikanyamaza.

Halafu nikakonda. Rinda lililokuwa likinibana mabega likaanza kuning'inia. Ninyi mliokuwa wakubwa katika miaka ile ya tisini mnajua kukonda kulimaanisha nini mtaani. Hakuna aliyelitaja jina. Walisema "ugonjwa ule" au walinyoosha kidole kimoja na kukikunja haraka. Wateja wakapungua. Wengine walipita mbele ya kibanda wakinisalimia vizuri kabisa, kisha wakaenda kula kwa jirani.

Siku moja mchana nikipakua maharagwe, mwiko ulinitoka mkononi. Nakumbuka sauti ya sahani, sikumbuki kuanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa wodini, na mume wangu, Baba Nafula, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na ovaroli yake ya kazi. Alikuwa fundi katika karakana za reli. Sikuwahi kumwona akiondoka kazini kabla ya king'ora, hata alipofiwa na baba yake.

"Ni sukari," akaniambia. "Daktari amesema ni ugonjwa wa sukari."

Nitasema ukweli wangu. Nilifurahi. Nililia kwa furaha pale kitandani kwa sababu haukuwa ule mwingine. Sikujua bado nilichokuwa nikishangilia.

*

Kliniki ya sukari ilikuwa mara moja kwa wiki, kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao. Ulifika alfajiri na mkojo wako ndani ya kichupa, ukauficha kwenye kikapu kama mtu anayeficha pombe haramu ya chang'aa. Muuguzi aliuchanganya na dawa ya kupimia kwenye mrija wa kioo, akauchemsha juu ya moto, na sote tukatazama rangi. Ikibaki buluu, uko salama. Ikigeuka kijani, jihadhari. Wangu uligeuka rangi ya matofali.

"Karibu kwenye kiwanda cha matofali," akasema mzee mmoja kando yangu. Huyo alikuwa Mzee Okumu, karani mstaafu wa halmashauri ya jiji, aliyekuwa na mguu mmoja na magongo mawili, na ambaye alikuja amevaa tai hata siku za matope. "Mimi nimejenga nyumba tatu hapa."

Baada ya kupimwa nilipewa karatasi ya vyakula. Aliyenipa alikuwa Bi. Wanjiru, mtaalamu wa lishe, msichana mwembamba aliyekuwa ameanza kazi karibuni. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa na kutolewa nakala za nakala mpaka herufi nyingine zimeliwa. Asubuhi, shayiri ya kupikwa kwa maziwa yasiyo na mafuta. Saa nne, tofaa moja. Mchana, jibini, mkate wa ngano isiyokobolewa, saladi. Chini kabisa palikuwa na orodha ya vya kuepuka, na cha kwanza kilikuwa ugali.

Niliisoma mara mbili.

"Dada," nikamwambia, "mimi ni Mbukusu, na ni mpishi wa ugali. Ukiniambia niuache, niambie na siku ya mazishi, nimjulishe mume wangu."

Mzee Okumu alicheka mpaka gongo likaanguka. Bi. Wanjiru hakucheka. Aliangalia foleni iliyokuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo ndiyo karatasi tuliyo nayo."

Nilijaribu. Msimu mzima wa mvua ndefu nilikula mkate na chai kavu, kwa sababu katika karatasi yote ile mkate ndio uliokuwa dukani kwetu. Nilisonga ugali wa watu nikiwa na njaa, mvuke ukinipanda puani. Jioni njaa ilinishinda, nikajifungia jikoni nikala ukoko wa sufuria kwa mikono. Wiki iliyofuata, matofali. Nikaongezewa vidonge, kisha nikawekwa kwenye sindano.

Sindano ya kwanza nyumbani alinichoma Nafula, binti yangu, aliyekuwa bado kwenye sare ya shule ya upili. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo Baba Nafula alinunua mtungi mdogo wa udongo, akaujaza mchanga wenye maji, tukawa tunaizika chupa ya dawa humo ndani. Kila jioni aliporudi kutoka kazini aliutia mchanga ule maji kabla ya kuvua viatu. Sikumshukuru kwa maneno. Tulikuwa tumeanza kuogopana kidogo, mimi na yeye. Aliogopa nitakufa. Mimi niliogopa uso wake.

*

Baridi ya Julai ndiyo iliyonitoa kidole.

Nilikuwa nimekaa karibu na jiko, miguu ndani ya makubazi, nikichambua sukuma wiki. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikachungulia sufuria ya nyama, ilikuwa bado haijabandikwa motoni. Kimani ndiye aliyepiga kelele: "Mathee, mguu!" Kaa la moto lilikuwa limenidondokea, limetulia kati ya vidole viwili, na mimi sikuwa nimesikia chochote. Hata lilipoondolewa sikusikia. Niliutazama mguu wangu kama mguu wa mtu mwingine.

Kidonda kilikataa kupona. Kikawa cheusi, kikaanza kunuka, na wodini wakaniambia kidole kikubwa lazima kiende, na kwamba kama sukari haitashuka, mguu utafuata. Nilitia sahihi. Nilipoamka niliona bandeji iliyoishia mapema kuliko inavyopaswa, nikageukia ukutani.

Niliporudi nyumbani nilikuta mama mkwe amefika kutoka Bungoma, pamoja na shemeji yangu mkubwa. Walikuwa wameketi sebuleni na chai. Mama mkwe alinishika uso kwa mikono yote miwili, akalia, kisha akasema kile walichokuja kusema.

"Nekesa, mwanangu, mwili ukiisha namna hii, mtu hurudi nyumbani akapumzike. Nairobi haina mahali pa mgonjwa."

"Kupumzika wapi, Mama?" nikamuuliza. "Kule kwenye migomba?"

Kwetu watu huzikwa karibu na migomba. Shemeji akakohoa, akamgeukia mume wangu. "Ndugu yangu, sema wewe. Huyu ni mke wako."

Baba Nafula alikitazama kikombe chake. Nilijua hapendi kumpinga mamake. Sikumngojea. Nilisimama kwa mguu mmoja nikishikilia meza, nikawaambia kwamba nina kibanda, nina binti shuleni, na nina vidole tisa. Yeyote anayetaka kunipeleka Bungoma anibebe akiwa tayari kupigwa teke kwa mguu uliobaki.

"Mmemsikia," akasema Baba Nafula. Neno moja tu, lakini alilisema kwa mamake.

Mama mkwe aliondoka kesho yake akiwa na hasira. Huko nyumbani alisema namnyima mwanawe chakula na kwamba Nairobi imenila kichwa. Kwa muda mrefu hatukuzungumza.

*

Nilirudi kliniki kwa magongo, na hasira nilizokuwa nazo zingewasha jiko. Siku hiyo Bi. Wanjiru alikuwa ameamua kutuuliza, mmoja mmoja mbele ya benchi lote, tulichokula jana tangu kuamka mpaka kulala.

Wote tulikuwa watakatifu. Mama mmoja alikuwa amekula saladi. Mwingine tofaa, ingawa nilijua anatoka mtaa wa mabanda wa Korogocho na tofaa hajaliona mwaka huo. Mzee Okumu alirekebisha tai yake, akasema alikula kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi.

"Mimi nilikula ugali," nikasema.

Benchi likageuka.

"Nilikula ugali kwa sukuma wiki. Usiku nikala tena. Na nitakula leo. Hiyo karatasi yako imenila kidole, dada. Iliniambia niache kila ninachokijua, ikaniachia mkate. Kama una njia ya kunipimia chakula changu mwenyewe, nipimie. Kama huna, usiniulize tena nilikula nini, kwa sababu nitakudanganya kama hawa."

Nilidhani atanifukuza. Bi. Wanjiru alivuta kiti akaketi mbele yangu. "Ugali kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Nilikuwa kama nimebeba mtoto mchanga.

"Wote huo?"

"Huo ni wa mchana."

Mzee Okumu akakohoa. "Kabichi ilikuwa na ugali kando," akasema. "Na soda." Na mama wa tofaa akainua mkono, akasema alikula mandazi. Ukumbi ulianza kusema ukweli, na Bi. Wanjiru akawa anaandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Kesho yake alikuja kibandani kwangu. Alikaa benchi moja na mafundi, akatazama sahani zikipita. Alikuwa na maswali mengi na hakuona haya kuuliza. Mrenda unapikwaje? Dagaa wa omena, kiganja kimoja ni kama ngapi? Unga huu umekobolewa? Kwa nini mafuta yanamiminwa bila kupimwa? Hapo ndipo tulipoanza ubishi wetu uliochukua mpaka mvua fupi.

Alikuwa na elimu yake nami nilikuwa na sufuria yangu, na kila mmoja alilazimika kuachia kitu. Mimi nilishinda kwenye ugali: ungebaki, lakini uwe wa ukubwa wa ngumi yangu mwenyewe, na unga uchanganywe na wimbi au mtama. Yeye alishinda kwenye chai. Nilikuwa nimeapa kwamba sukari yangu ni kidogo, akaniomba nitie kikombe kimoja kama kawaida, na kijiko kilipoingia mara ya nne mwenyewe nikaacha kuhesabu. Alishinda kwenye soda, kwenye chapati za kila siku na kwenye kile kikombe cha mafuta. Ndizi mbivu nilimpigania wiki kadhaa, tukakubaliana moja, tena ndogo. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, managu, mrenda, kunde, chochote cha kijani kinachouzwa kwenye gunia barabarani. Nyama, maharagwe au omena, kiganja bila vidole. Vipimo vyote vilikuwa mwilini mwa mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mizani, na hata asiyejua kusoma ana ngumi.

Tuliujaribu mpango huo kwenye benchi. Kila wiki Bi. Wanjiru alituuliza tena sahani ya jana, akailinganisha na vipimo, kisha akaangalia rangi ya kioo. Haikuwa miujiza. Mzee Okumu alibaki fundi wa matofali, maana soda ilimshinda. Mama mmoja alizidiwa na njaa asubuhi, ikabidi tumwongezee kitu cha saa nne, viazi vitamu vya kuchemsha. Tulipokosea tulibadilisha. Daktari mkuu wa kliniki alipogundua, alikuja na ile karatasi ya zamani mkononi akasema huu si mwongozo unaotambuliwa na mtu yeyote.

"Sisi tunautambua," Mzee Okumu akamjibu, amesimama kwa magongo na tai yake. "Watu wa benchi hili."

Daktari aliomba aonyeshwe rangi za wiki zilizopita. Alizitazama kwa makini, akauliza maswali magumu, na Bi. Wanjiru alijibu yale aliyoyaweza na kukiri yale asiyoyajua. Mwishowe daktari alisema tuendelee, lakini kila mmoja apimwe bila kukosa. Hakutusifu. Mimi sikutaka sifa. Wiki hiyo mkojo wangu ulikuwa umechemka, ukatulia, ukabaki buluu. Nilimwomba muuguzi asiumwage kwanza, niutazame.

*

Nyumbani ilikuwa vita vya namna nyingine. Baba Nafula alipoona ngumi moja ya ugali mbele yake aliuliza kama amerudi kuwa mtoto. Nikamwambia yake si lazima iwe ndogo, ila sipiki vyungu viwili. Kwa majuma kadhaa alikula hotelini akirudi, akaingia ndani akinuka karanga na supu, tukalala tumegeuziana migongo. Kilichovunja baridi ile sikukipanga. Asubuhi moja nilimkuta anakunywa chai isiyo na sukari. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama anayemeza dawa ya minyoo.

"Nani kakulazimisha?" nikamuuliza.

"Nataka kujua unachokunywa," akasema, akamaliza kikombe.

Kibandani nako ilibidi nisimame. Kimani alinijia siku moja, kofia mkononi, akasema kwa aibu, "Mathee, usinichukie. Watu wanasema una ule ugonjwa. Wananiambia nikuambie ukule mafuta, unenepe, ndio watu warudi."

Hapo nilielewa kwamba mtaa mzima ulikuwa unanitaka ninenepe ili wao wapate amani. Nilipanda kwenye benchi, mguu wenye vidole vinne na wenye vitano, nikawatangazia mafundi wote. Nina sukari, nikasema. Haiambukizi kwa sahani. Na hata ningekuwa na ule mwingine, ugali wangu usingewaua, na aibu ingekuwa yenu. Sitanenepa kwa ajili ya mtu. Anayetaka kula akae, asiyetaka apishe wenye njaa.

Wengine walipisha. Hawakurudi kamwe, na hilo liliniuma. Lakini Kimani alikaa. Akatazama sahani yangu, ile niliyojipakulia, nusu kijani. "Nipe kama hiyo," akasema. Alirudi baada ya saa moja akidai ana njaa, tukacheka, nikamwongezea maharagwe. Pole pole wengine wakaanza kuiomba, hasa wale wazee waliokuwa wakinywa maji mengi bila kutaka kuulizwa.

Wewe unayesoma haya ukiwa na kichupa chako kikapuni, sina dawa ya kukupa. Chunguza miguu yako kila jioni, hata katikati ya vidole, kwa macho, kwa sababu ngozi inaweza kukuficha mambo. Vaa viatu vilivyofunika. Usiache sindano kwa sababu ya neno la jirani. Na mtu akikupa karatasi ya chakula usichokijua, usiitupe na usiitii kimya kimya. Mpelekee sahani yako, useme ukweli wa kilichokuwa juu yake, mbishane mpaka mpate kitu unachoweza kukila mwakani.

*

Miaka ilikwenda kwa kliniki, masika na vuli, na muongo ule ulipokuwa unakaribia kwisha, Nafula akaolewa. Kanisa lilikuwa palepale Kariobangi, na sherehe ukumbini. Ndugu walikuja kutoka Bungoma kwa basi zima. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa kwa kitambaa kipya, akanisogezea kiti kando yake, nami nikakaa.

Chakula kilipopakuliwa nilijaza nusu ya sahani managu, nikachukua nyama ya kiganja, nikaruka wali, nikaruka chapati, nikakataa soda. Nilikuwa na sababu zangu.

Mshereheshaji akaita wazazi waje walishwe keki na maharusi. Nikasimama, nikatembea kwa viatu vyangu vilivyofunika mpaka mbele. Nafula alikuwa ameshika kipande, macho yamemjaa machozi. Ndipo shangazi yake mmoja, mwenye sauti ya kwaya, akainama kumnong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia:

"Usimpe huyo! Si ana sukari?"

Muziki ukapungua. Nafula akasita, keki hewani. Kule nyuma nilimwona Bi. Wanjiru, niliyemwalika mwenyewe, ameketi kati ya Kimani na Mzee Okumu. Ameinua ngumi yake ndogo, ananichekea.

"Sukari ninayo, shangazi," nikasema. "Ninayo tangu huyu bibi harusi akiwa na sare ya shule. Wali, chapati na soda nimeviacha kwa ajili ya kipande hiki. Nafula, mlishe mama yako."

Akanilisha. Ilikuwa na malai na ladha ya ndimu. Niliitafuna taratibu, nikimtazama shangazi machoni, mpaka ikaisha.